Safu ya Tatu

Kwenye matanga ya Mama Jeremi nilichagua kiti cha mwisho, karibu na lango, ili niweze kuondoka bila kuagana na watu wengi. Sioni haya kulisema. Nimefika umri ambao magoti yananipa udhuru wa kila kitu, na siku ile nilipanga kuyasingizia magoti. Turubai lilikuwa limefungwa kutoka kwenye paa la nyumba hadi kwenye mparachichi, wanawake wa kanisa walikuwa wakiimba kwa sauti ya chini, na sahani za wali na maharage zilikuwa zikipita juu ya vichwa vyetu. Nilikula kidogo. Nilipoinuka, Kabugho, binti wa kaka wa marehemu, ambaye ndiye aliyemuuguza hadi mwisho, alinifuata akanishika mkono. "Tantine Kahindo, usiende kwanza. Mama aliacha kitu yako. Bazee bakimaliza kula, tutaongea." Nikarudi kuketi. Nilijua kwamba marehemu hakuwa na kitu cha kuniachia isipokuwa jambo moja, na jambo hilo nilikuwa nimelikimbia kwa zaidi ya miaka ishirini hapa Bunia, mji ambao huwezi kumkwepa mtu hata wiki moja bila kufanya bidii.

Habari za kwetu, nani alinizaa na tulitoka lini Butembo, naziacha. Hazina kazi hapa. Mwaka ninaoukumbuka ulianza katika chumba, na chumba chenyewe kilikuwa ghala nyuma ya nyumba hiyohiyo. Vita vya mjini vilikuwa vimetulia kidogo, wageni wamejaa na magari yao meupe, na siye tuliomaliza shule tukagundua kwamba Kifaransa tulichokitolea jasho hakikutosha tena. Mkubwa wa kila ofisi mpya alikuwa akisema Kiingereza. Mama Jeremi alikuwa akiuza maharage sokoni, na nusu ya ghala ilijaa magunia yaliyoletwa kwa lori kutoka mji mdogo wa Fataki. Nusu nyingine alimwachia Mwalimu Alfonsi bila kodi, kwa sharti kwamba mwanawe Jeremi afundishwe. Tulikuwa tukikaa juu ya magunia. Ubao ulikuwa mlango wa zamani uliopakwa unga mweusi wa betri za redio. Mwalimu alikuwa amekulia kambini Uganda, akarudi na mashati mawili na Kiingereza chake, na Kiingereza ndicho alichokitunza zaidi. Tulikuwa wanafunzi sita au saba kutegemea na hali ya usalama, lakini wanaohusika hapa ni wawili tu, mimi na Jeremi. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na moja, na nilikuwa najiona mwerevu kuliko watu wote wa mtaa wetu wa Saio.

Mwalimu hakuwa na kitabu. Alikuwa na kamusi iliyokosa herufi mbili za mwisho, na alituambia wazi kwamba kamusi haitatusaidia, kwa sababu wageni hawasemi maneno mojamoja, wanasema mafungu, na fungu likivunjwa vipande halibaki na maana. Kwa hiyo alitununulia daftari moja kubwa la darasa zima, akalipiga mistari ya safu tatu. Safu ya kwanza: fungu lenyewe, jinsi ulivyolisikia. Safu ya pili: nani alilisema, na alimwambia nani. Safu ya tatu aliiandikia juu yake maneno mawili, ikafuata nini. Kila mmoja wetu alitakiwa kuleta fungu moja kila Jumamosi, alilolisikia kwa masikio yake mwenyewe kwenye lango, dukani, kwenye gari, popote penye wageni. Na hukuruhusiwa kuandika maana mpaka umengoja kuona kilichotokea baada ya maneno yale. "Musinizungumuzie maana," alikuwa akisema. "Munizungumuzie nini ikafwata. Mutu akisema neno, halafu analeta chai, neno ile maana yake ni chai." Tulicheka sana siku ya kwanza. Baadaye niliona kwamba hakuna mtu aliyewahi kunifundisha lugha vizuri hivyo, na sijui kama alijua alichokuwa akikifanya au alifanya hivyo kwa kukosa vitabu.

Jeremi ndiye aliyetushinda wote kwa kuleta. Alikuwa amepata kibarua cha kuosha vyombo katika nyumba ya wageni fulani kule karibu na uwanja wa ndege, na dirisha la jikoni lilifungukia meza yao. Alikuwa mrefu, mwenye mabega ya kubeba magunia na mwandiko mdogo wa msichana. Kila Jumamosi aliingia na karatasi mfukoni, akakaa kwenye gunia lake, na sote tukanyamaza. Mara moja alileta "a piece of cake". Safu ya pili: fundi wa jenereta alimwambia bibi mkubwa wa nyumba. Safu ya tatu: akaitengeneza kwa robo saa, na hakuna keki iliyoletwa. Mama yake, aliyekuwa akichagua maharage mlangoni, aliuliza kama basi mtu alikula nini. Siku nyingine akaleta "let's call it a day". Ikafuata kwamba walifunga kompyuta wakaenda kuogelea kwa jirani. Mwalimu alifurahi akaliandika ubaoni, na tangu siku hiyo darasa lilimalizika kwa maneno hayo, sote tukiyasema pamoja kwa sauti huku tukijipangusa vumbi la maharage kwenye nguo.

Nilimpenda Jeremi. Nasema hivyo sasa kwa kuwa hakuna tena wa kunicheka. Sikumwambia, na yeye alikuwa akiniita "mademoiselle kamusi" na kuazima kalamu zangu bila kuzirudisha. Tulikuwa na mchezo wetu wa kusemezana kwa mafungu ya daftari mbele ya mama yake, naye akitusikiliza na kutikisa kichwa, kisha akitupa mihogo ya kuchoma ili midomo yetu ifanye kazi ya maana. Chakula hakikukosekana kwake. Sitasema alikuwa tajiri, maana kuna siku tulikula sombe, majani ya mihogo, bila chochote ndani yake, lakini hakuna mtu aliyetoka pale na mikono mitupu. Hilo kwake lilikuwa kubwa kuliko ibada. Jirani aliyekuja kuuliza saa aliondoka na ndizi. Mtu aliyekuja kudai kiti chake aliondoka na kiti na vitunguu viwili juu yake. Siku moja alikuja mama mmoja kuomba maharage ya mkopo, na Mama Jeremi siku hiyo hakuwa na ya kukopesha; nilisikia kupitia ukuta wa mbao akimwambia, "Ya kukopesha hakuna, mama, lakini mutu hatokake kwangu mikono bure. Beba hata hii chumvi." Akamfungia chumvi kwenye kipande cha gazeti. Nikamuuliza baadaye chumvi itamsaidia nini mtu mwenye njaa. Akanitazama kama mtoto asiyefundishwa kwao. "Anarudi kwake na kitu mukononi," alisema. "Batoto yake bataona iko na kitu."

Fungu la mwisho ambalo Jeremi alilileta, kabla mambo hayajaharibika, lilikuwa refu. Mpishi wa nyumba ile aliachishwa kazi, na mkubwa mmoja alimwita mezani kumweleza. Jeremi alisikia yote akiwa na sahani mkononi, akaandika: "I'm afraid it's out of our hands." Mwalimu aliligawa mara mbili. Akaanza na lile la kuogopa, na Mama Jeremi akaingia kati kama kawaida yake. "Sasa mutu anasema anaogopa, na kumbe haogope?" Mwalimu akamjibu kwamba ni heshima tu, wanasema wanaogopa kabla ya kukuumiza. "Na ile ya kusema imetoka mu mikono yabo?" Mwalimu akamwelekezea Jeremi kidole asome safu ya tatu. Jeremi akasoma polepole, kwa Kiswahili: mpishi alingoja sebuleni hadi saa kumi, hakuna mtu aliyemrudia, na kesho yake walinzi hawakumfungulia lango. Chini yake aliandika kwa mwandiko wake mdogo: ikafuata hakuna kitu. Mama Jeremi akaacha kuchagua maharage. Akauliza kama walimpa hata mkate wa kubeba nyumbani. Jeremi akasema hapana, na mama akasema basi hao ni watu gani.

Wiki chache baadaye ofisi moja ya wageni ilitangaza nafasi ya mkalimani. Nafasi ilikuwa moja. Tulifanya mtihani mimi na Jeremi siku moja, katika chumba kimoja, tukitenganishwa na meza, na mimi ndiye niliyechukuliwa. Alinipongeza kwa moyo. Alinipigia hata magoti barabarani kwa utani, suruali yake nzuri ikajaa vumbi. Lakini kibarua chake cha vyombo alikuwa amekiacha ili asome kwa ajili ya mtihani, kwa hiyo akarudi kumsaidia mama yake, na kazi ya mama yake ilikuwa kufuata maharage Fataki. Nimelipima jambo hili kwa miaka mingi, na halipungui uzito. Ningeshindwa mimi, ningerudi nyumbani kununa. Yeye alishindwa akapanda lori.

Ofisi yangu ilikuwa inaandika majina ya watu waliopotea. Watu walipokewa Alhamisi. Shefu wetu, mkuu wa ofisi, alikuwa mama wa Kizungu mwenye nywele fupi, mchapakazi, asiye na ubaya wowote ninaoukumbuka, na siku ya kwanza alinifundisha sheria za ukalimani. Usiongeze. Usipunguze. Na mtu akisema mimi, nawe useme mimi. Usiseme "anasema kwamba". Kama ndugu au rafiki yako ataketi kwenye kiti kile, inuka, tutatafuta mtu mwingine. Niliapa. Kwa miezi mitatu nilikuwa wajane, nilikuwa wazee wa Djugu, nilikuwa msichana aliyemtafuta dada yake hadi Niania. Jioni nilikuwa nikirudi ghalani na kukaa kwenye gunia langu bila kusema, na Mama Jeremi akinipa chai ya maziwa na kuniacha hivyo hivyo.

Lori lilirudi siku ya Jumapili bila Jeremi. Dereva alikuja mwenyewe nyumbani, akasimama uani na kofia mkononi, akaeleza kwamba watu wenye bunduki waliwasimamisha njiani, wakawateremsha vijana watatu wakaingia nao porini. Maharage hawakuyagusa. Alikuwa ameyaleta yote, na wakati anazungumza wapakuzi walikuwa tayari wameanza kuyashusha, kwa sababu hawakuwa wamesikia habari. Mama Jeremi alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akaingia jikoni akamletea dereva viazi vya kuchemsha kwenye sahani, na dereva akala akiwa amesimama, analia.

Alhamisi Mama Jeremi alikuja ofisini na kitambaa chake cha kanisa kichwani. Nilitakiwa kuinuka. Mkalimani mwingine alikuwa safarini Aveba siku hiyo, na shefu alikuwa na watu ishirini kwenye foleni. Lakini huo si ukweli wote. Ukweli ni kwamba sikutaka mtu mwingine aseme maneno yake. Shefu akauliza, wewe ni nani kwa mtu huyu aliyepotea? Mama Jeremi akajibu, "Miye ni mama yake, iko mumoja tu." Na mimi nikasema kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba mimi ni mama yake, na kwamba sina mwingine. Nikaendelea kuwa mama yake kwa nusu saa. Nikataja mabega, kovu la goti, shati la bluu. Shefu akaandika yote, akasema watauliza, na waliuliza kweli; niliziona barua, nilizisikia simu. Mama Jeremi alirudi kila Alhamisi kwa muda wote wa mvua, kila mara na kifuko cha karanga za kukaanga kwa ajili ya shefu, na kila mara nilimtafsiria bila kuongeza wala kupunguza kwamba hakuna jipya. Akasema aksanti, akainuka, akaacha karanga mezani.

Alhamisi ile ya mwisho niliisikia kabla haijaanza, kwa jinsi shefu alivyovua miwani. Mama Jeremi akaketi. Shefu akamtazama yeye, si mimi, kama ilivyo sheria, akasema, "I'm afraid it's out of our hands." Akaongeza kwamba hakuna tena mahali pa kuuliza, na kwamba faili litafungwa. Niliyajua maneno hayo yote, moja moja na kwa mafungu. Yalikuwa kwenye daftari, kwa mwandiko wa Jeremi, pamoja na yaliyofuata. Mama Jeremi akanigeukia. Uso wake ulikuwa umetulia, na kifuko cha karanga alikuwa hajakiweka mezani bado. Nikawaza kwamba atainuka kwenye kiti kile, atapita mbele ya watu wote wa foleni, atatembea hadi Saio, ataingia nyumbani kwake, na mkononi hatakuwa na kitu. Sikuwaza zaidi ya hapo. Nilisema, "Banasema bado banatafuta, mama. Banasema ungoje."

"Ningoje wapi?"

"Kwako, kwa nyumba."

Akaweka karanga mezani. Akamshika shefu mkono kwa mikono yake miwili, na shefu machozi yakamlengalenga, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mwanamke huyu amelipokea kwa ujasiri mkubwa. Nikasema ndiyo.

Mwalimu Alfonsi alizipata habari hizo baada ya siku mbili tu, maana Mama Jeremi mwenyewe alimwambia kwa furaha. Aliningoja ghalani. Alikuwa ameshafuta ubao. "Walisema nini, Kahindo? Kwa Kingereza." Nikamwambia. Akasimama akitazama mlango ule mweusi mtupu. "Na weye ukamupa nini?" Nikasema nilimpa kitu cha kurudi nacho nyumbani. Hakunigombeza, ningependa angenigombeza. Aliniambia niende jikoni sasa hivi nikamwambie kweli, angali anaweza kulia, ndugu zake wapo. Nikasema nitaenda. Nilifika hadi mlangoni. Mama Jeremi alikuwa akifua shuka la kitanda cha Jeremi, akanikaribisha kwa bakuli la uji, akasema Kahindo mtoto wangu, kaa, miguu yako imechoka. Nikanywa uji. Niliurudia uji ule kwa njia nyingi katika miaka iliyofuata: nilienda nikiwa nimejiandaa, akanilisha, nikaondoka.

Kabla ya mwaka kwisha kaka zake walifika kutoka Butembo kumchukua. Walikuwa wamekodi gari. Nilisikia mazungumzo yao nikiwa uani, na sikuingia. Kaka mkubwa alimwambia kwa upole kwamba mtoto amekwenda, wafanye matanga, waende nyumbani. Huku atakufa peke yake. Akawajibu kwamba wageni wamesema angoje kwake. Kama atahama, watamleta Jeremi wapi? Kaka akauliza nani alisema hivyo. "Kahindo alitafsiri," akasema, na hoja ikafungwa hapo, kwa sababu Kahindo alikuwa msomi na alikuwa na kazi kwa wageni. Gari liliondoka na mashuka mawili na gunia moja la maharage aliyowapa wasirudi mikono mitupu. Mwezi uliofuata niliacha kazi ile. Mwalimu alirudi Uganda, nasikia aliishia kuwa karani wa bohari. Darasa lilikufa bila mtu kulitangaza. Daftari nililichukua mimi. Tangu hapo nauza vitenge, na mtu akiniletea karatasi ya Kiingereza namwambia nimesahau.

Sasa watu wanaposimulia miaka ile huzungumzia risasi na wakubwa na makubaliano. Mimi namkumbuka mwanamke anayeketi mlangoni kila Alhamisi na kitambaa cha kanisa, na sahani ya pili, ya Jeremi, iliyofunikwa mezani nyuma yake. Wageni wale waliondoka, wakaja wengine, nao wakaondoka. Fataki iliungua, ikajengwa, ikaungua tena. Mapigano yalipokaribia mji na majirani wakafungasha magodoro, yeye alikaa. Hakuna aliyemlilia Jeremi. Hakuna aliyenyoa nywele, hakuna aliyeimba, jina lake halikusomwa kanisani pamoja na wafu, na wenzake wakazaa watoto wakawapa majina ya wafu wengine. Nilimnyang'anya hata kilio. Nimewahi kujiambia kwamba nilimpa miaka ya matumaini. Huo ni upuuzi, na nilikuwa najua ni upuuzi wakati najiambia. Nilimwona mara ya mwisho mwezi wa pili, sokoni, akinunua samaki wa Tchomia, naye amepungua kabisa mwili. Nilijificha nyuma ya vitenge vyangu mwenyewe.

Wazee walipomaliza kula, Kabugho aliniita ndani. Kaka mmoja tu wa marehemu alikuwa angali hai, naye alikuwa ameketi kwenye kiti cha sebuleni na fimbo katikati ya magoti. Ndugu wengine walisimama kwenye ukuta. Meza ilikuwa palepale. Kabugho akaweka mbele yangu ufunguo uliofungwa kwenye kamba ya kiatu. "Mama alisema nyumba isiuzishwe, isipangishwe," alisema. "Alisema Kahindo ndo iko na Kingereza yao. Bakikuya na Jeremi, mutu wa kubajibu iko yeye. Tena Alhamisi asikose."

Nilimtazama mzee, na kwa mara ya kwanza niliusema ukweli mbele ya ndugu zake. Nilisema kwa Kiswahili cha hapa, polepole, ili mtu asihitaji kutafsiri. Nikawaambia kwamba wageni walifunga faili Alhamisi ileile, kwamba nilisikia vizuri na nilijua vizuri, kwamba uongo niliutunga mimi, hapo kwenye kiti, kwa kinywa changu. Nikawaambia Jeremi alikufa wakati sisi ni vijana, wamfanyie matanga leo pamoja na mama yake, watu wapo, turubai lipo, na nyumba waiuze. Nilikuwa nalia. Nilifikiri watanipiga, na nilitaka wanipige.

Mzee akanyoosha mkono akanishika kiwiko, kwa huruma, kama mtu anayemtuliza mgonjwa. "Yaya alituambia," alisema; ndivyo alivyokuwa akimwita dada yake. "Alisema, siku moja Kahindo atachoka kungoja. Atakuya kusema bazungu bamefunga dosie. Alisema tusikuite muongo, tukupe chakula, tukupe ufunguo." Akamwambia Kabugho aniletee wali wa kubeba. Nikasema tena kwamba ni kweli, ni kweli kabisa, nikawasomea maneno yenyewe kwa Kiingereza, na wao wakatikisa vichwa kwa heshima, kwa sababu hakuna hata mmoja aliyeyaelewa. Kabugho akanifungia wali kwenye kitambaa. Akauweka ufunguo juu yake.

Alhamisi iliyofuata sikufungua duka. Nilifungua mlango ule, nikafagia, nikafuta vumbi la meza, nikaiosha sahani ya pili na kuifunika. Nilikuwa nimebeba daftari; nikatafuta ukurasa wa mwisho wenye nafasi, nikaandika katika safu ya kwanza maneno yangu mwenyewe, bado wanatafuta, na katika ya pili kwamba niliyasema mimi kwa mama yake. Ya tatu niliiacha. Nikatoa kiti nje nikaketi mlangoni, maana ndani palikuwa na joto. Saa nne hivi jirani mmoja, mama kijana aliyehamia majuzi kutoka Djugu, alichungulia juu ya ua akiwa na beseni la nguo kichwani.

"Tantine, bado hawajakuya?"

"Bado," nikamjibu.